NANI ALITUULIZA JUU YA MBUTA?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita nilisimama nikaomba kamati iandike barua juu ya gugu maji na juu ya samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Ndugu mmoja, ambaye namheshimu kwa sababu alisimama nasi katika migomo miwili, aliniambia niketi. Alisema, "Mzee, chama ni cha mishahara. Mambo ya samaki na majani waachie watu wa mbuga za wanyama." Watu walicheka, nami nikaketi. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Sasa namwomba Mhariri anipe nafasi nimjibu ndugu yangu kwa karatasi, maana kwa mdomo alinishinda.

Nianze na jambo ambalo sisi tuliofanya kazi katika viwanda vya samaki tunalijua sana. Mshahara wetu ulitoka kwa mgeni. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, si samaki wa ziwa hili. Kwao ni Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mto Nile chini ya maporomoko. Alitiwa katika ziwa letu upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kwa siri mwanzoni, kisha mwaka wa 1962 na 1963 akatiwa waziwazi, na upande wetu wa Kisumu pia.

Wakubwa wa wakati ule walikuwa na hesabu yao. Ziwa lilikuwa limejaa fulu, samaki wadogo wenye miiba mingi, wa aina zaidi ya 500. Wakubwa waliwaona fulu kuwa takataka. Wakasema, tutie samaki mkubwa awale hawa wadogo, nasi tumvue mkubwa. Tena wengine walipenda samaki mkubwa kwa mchezo wa ndoana siku ya Jumapili. Hilo halikuandikwa sana, lakini lilikuwamo.

Wala msidhani hakuna aliyewaonya. Bwana Michael Graham, aliyepima uvuvi wa ziwa hili mwaka wa 1927 na 1928, aliandika katika ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa kama uchunguzi mwingi haukufanywa kwanza. Mwaka wa 1960 Bwana Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akifanya kazi Jinja, naye akaandika kupinga. Wote wawili walikuwa Wazungu wenye elimu, na bado hawakusikizwa. Basi mvuvi wa Dunga au Usenge, ambaye hata hakuulizwa, angesikizwa na nani?

Kwa miaka kama 20 mbuta alikaa kimya. Nilikuwa mtoto, na mama yangu aliuza ngege. Ngege wale walikuwa watamu, wenye nyama laini, na mwanamke mwenye mtaji wa shilingi chache aliweza kununua kikapu pwani asubuhi, akawakausha juani wale waliobaki jioni. Halafu karibu na mwaka wa 1980 upande wetu wa Kenya mbuta alilipuka. Nyavu za wazee zilipasuka, kwa maana samaki huyu anaweza kufika kilo 200. Watu hawakumpenda kwa sababu ya mafuta yake. Lakini fulu walikwisha. Wataalamu wanakadiria kwamba kama aina 200 za fulu hazikuonekana tena. Mbuta alipowamaliza akageukia omena na kamba wadogo, hata watoto wake mwenyewe.

Hapa ndugu yangu atasema, "Fulu wana kazi gani kwa mfanyakazi?" Namwomba ahesabu nami. Ngege alikaushwa kwa jua, na jua ni la bure. Mbuta kwa mafuta yake hataki jua, anataka moshi, na moshi unataka kuni. Akina mama walianza kununua kuni, na miti ya vilima vya karibu ikakatwa, na mvua ikabeba udongo ikautia ziwani. Mbuta mwenyewe alikuwa mkubwa mno kwa kikapu cha mama yangu. Lori la kiwanda lilikuja ufuoni na barafu na pesa taslimu, likachukua samaki mzima. Mama alibaki kununua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa baada ya sisi kuchuna minofu. Mwanawe alikuwa ndani ya kiwanda akichuna minofu ya kupelekwa Ulaya, na mama alikuwa nje ya ukuta uleule akingoja mifupa. Mimi nilipata mshahara, na sitakataa kwamba mbuta alinisomeshea watoto. Lakini niliona pia nani alilipa.

Sasa nije kwa gugu maji. Hili ni mmea wa Amerika ya Kusini, lenye ua zuri la zambarau, na watu walilichukua huko na huko kwa sababu ya uzuri huo. Lilishuka na mto Kagera, lilionekana ziwani upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya muda mfupi likafika kwetu. Likipata maji machafu yenye mbolea ya mashamba na taka za mji, linajizidisha mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka wa 1998 lilifunika kama hekta 17,000 katika ghuba yetu ya Winam. Wanaokumbuka Kisumu ya mwaka ule wanajua: ukisimama gatini huoni maji, unaona shamba la kijani mpaka macho yanachoka. Meli zilikwama. Mashua zilikaa ufuoni siku tano, sita. Makuli wa bandari walikuja asubuhi wakarudi nyumbani mikono mitupu, maana kuli hulipwa kwa mzigo, na mzigo haukuja. Sikusikia mtu akisema wakati ule kwamba majani si jambo la wafanyakazi.

Mwaka ule ndio uliotupiga mara mbili. Kati ya 1997 na 2000 nchi za Ulaya zilizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, mara kwa sababu ya vijidudu, mara kipindupindu, mara kwa sababu kulikuwa na watu waliovua kwa kumwaga dawa za sumu majini. Kiwanda nilichokuwamo, ambacho sitakitaja, kilibandika karatasi langoni asubuhi moja. Karatasi ilisema hakuna kazi mpaka itakapotangazwa tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa hapo. Karani alinitazama akasema, "Wewe ni kibarua, huna lolote la kudai." Miaka tisa ya kusimama katika maji baridi na gambuti zilizotoboka, halafu kibarua! Siku hizi kuna Sheria ya Kazi ya 2007, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Anayepunguzwa kazini anadai taarifa ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Sheria hiyo haikunisaidia mimi mwaka wa 1998. Ninyi vijana itawasaidia kama mnaijua, na ningependa mwakilishi wa kila kiwanda awe nayo mfukoni.

Narudi kwenye gugu. Nani alilishinda? Dawa za kunyunyiza zilizungumzwa, watu wakaogopa, kwa haki. Mwaka wa 1999 zililetwa mashine kubwa za kukatakata, zikakata, na majani yaliyokatwa yakazama na kuoza. Lakini wafanyakazi waliofanya kazi kubwa kuliko wote walikuwa fukusi, wadudu wadogo wa aina mbili waliotoka Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe. Walifugwa na watafiti Kibos, hapa hapa karibu na Kisumu, na upande wetu wakaanza kuachiliwa mwaka wa 1997. Fukusi hula jani, na watoto wao hutoboa shina, mmea ukajaa maji ukazama. Baada ya 1998 gugu lilipungua sana. Mvua za mwisho wa 2006 zikalirudisha, na tangu hapo linakuja na kuondoka kwa majira, upepo ukiligeuza huku na huku.

Nataka mtazame tofauti iliyopo hapa. Fukusi naye ni mgeni, kama mbuta. Lakini kabla ya kuachiliwa alijaribiwa miaka mingi, tena si hapa peke yake, ili ijulikane kama atakula mahindi, maharagwe au mmea mwingine wowote wenye faida. Alipoonekana kwamba hali kitu isipokuwa gugu, ndipo akaachiliwa. Mbuta hakujaribiwa. Kwa hiyo mimi sisemi kila kitu kigeni ni kibaya. Mahindi tunayokula si ya asili ya Afrika. Nasema kwamba anayetaka kutia kiumbe ndani ya kazi ya watu wengine sharti ajaribu kwanza, na awaulize kwanza.

Wako wengine, na hasa vijana waliosoma, wanaosema mbuta avuliwe mpaka amalizike ili samaki wa asili warudi. Mimi siwaungi mkono. Kwanza haiwezekani. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, na Kenya ina sehemu ya asilimia 6 tu. Huwezi kumtoa samaki katika maji hayo kama unavyomtoa ng'ombe zizini. Pili, watu wengi wa nchi tatu wanamla na kumuuza. Lakini kuna jambo limeonekana. Mbuta alipopungua kwa kuvuliwa sana, aina kadhaa za fulu zilianza kuonekana tena, na hilo liliandikwa katika ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1990. Kumbe hawakuwa wamekwisha wote. Basi kazi si kumfukuza mbuta, kazi ni kumtunza kwa kiasi na kuwapa wengine mahali pa kujificha.

Mahali pa kujificha papo. Wengi wetu hatujui kwamba ngege wa mama yangu bado yuko. Katika ziwa kubwa ni nadra mno kumwona, lakini yuko katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya. Mafunjo yale yanamzuia mbuta, maana mbuta anataka maji yenye hewa nyingi. Ngege na fulu wengine wanavumilia maji mabaya zaidi, basi mafunjo ni kama ukuta wao. Lakini sehemu ya kinamasi hicho ilikaushwa ikafanywa mashamba, na kila baada ya miaka michache anakuja mwenye mradi mpya anayetaka sehemu nyingine. Anaahidi kazi. Nasi watu wa chama tukisikia neno "kazi" masikio yetu yanasimama, na ni haki yasimame. Lakini tumuulize: kazi ngapi, za miezi mingapi, kwa mkataba gani? Na kazi ngapi za watu wanaosuka mikeka ya mafunjo na kuvua Kanyaboli zitaondoka? Mara nyingi tunahesabu kazi zinazokuja kwa lori na kusahau zile zilizokuwapo kwa miguu.

Kuna na ningu. Wazee wa Nzoia na Sio wanamkumbuka. Huyu alipanda mito wakati wa mvua kwenda kuzaa, na watu walimngoja kama wanavyongoja kumbikumbi. Hakumalizwa na mbuta. Walimmaliza watu kwa kuziba midomo ya mito kwa nyavu, kabla mbuta hajasikika. Namtaja ili tusije tukaweka lawama yote juu ya wakoloni na samaki wao. Sisi wenyewe tulikuwa na mkono. Watafiti wa hapa Kenya wamefaulu kumzalisha ningu katika mabwawa, kwa hiyo mbegu ipo. Na baadhi ya fulu wetu wanafugwa katika matangi ya vioo Ulaya na Marekani, wanalishwa kwa mkono na kubadilishiwa maji. Sijui kama nicheke au nilie nikifikiri kwamba fulu ana nyumba ya kupanga ng'ambo kwa sababu kwao pameharibika.

Mtu akiniambia kurudisha kiumbe mahali pake ni ndoto, namwonyesha Ruma, hapa karibu, katika bonde la Lambwe. Pori lile lilitengwa mwaka wa 1966 kwa ajili ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, na leo ndipo mahali pekee katika Kenya nzima alipobaki, tena wachache sana. Karibu na mwaka wa 2012 faru walisafirishwa kwa malori kutoka mbuga nyingine wakarudishwa pale, na ukuta wa nyaya za umeme ukajengwa, na askari wakaajiriwa kwa mshahara wa mwezi, sare na bunduki. Ni vizuri. Sina kinyongo na faru. Lakini faru analetewa watalii, na ngege anamlisha mchuuzi wa Kondele. Ndiyo sababu mmoja ana askari na mwingine hana hata karani.

Sasa nije kwa yale ambayo nataka chama kifanye, maana ndugu yangu aliuliza, "Barua ya nini?"

La kwanza ni hao vijana wanaotolewa kung'oa gugu kwa mikono kila linaporudi. Wanasimama ndani ya maji mpaka kifuani, mahali penye nyoka, na penye konokono wa kichocho, wengi bila gambuti wala glovu. Wanalipwa kwa siku, na wakiumwa hakuna anayewajua. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya 2007 ni ya wafanyakazi wote, hata wa kutwa. Kama kung'oa gugu ni kazi ya umma, iwe kazi yenye orodha ya majina, vifaa, kupimwa kichocho na dawa yake. Nataka tuwaandikishe katika chama. Watu hawa ni wengi kuliko sisi tuliobaki viwandani, na viwanda vilivyobaki mnavihesabu kwa vidole.

Jambo lingine ni majira ya kufunga uvuvi. Omena hufungwa kama miezi minne kuanzia Aprili ili wazae, na mbuta aliye chini ya sentimita 50 au juu ya 85 hatakiwi kuvuliwa. Mimi naunga mkono kanuni hizi. Wako wanachama watakaokasirika, lakini nimeona kiwanda kikikosa samaki, na sitaki kuona tena. Lakini tajiri mwenye mashua 10 anapumzika miezi hiyo bila shida. Anayekaa na njaa ni baharia wa mashua na mwanamke anayeanika omena. Kama wanapumzishwa kwa faida ya wote, basi wote tuchange. Yafaa pawepo mfuko kwa miezi hiyo, na sehemu itoke kwa wanaosafirisha minofu na mabondo. Bei ya mabondo huko China mnaijua.

Tena kuna vizimba. Siku hizi ghuba imejaa vizimba vya kufugia nyamami, ambaye pia ni mgeni wa miaka ya 1950. Vimeleta kazi, na sitaki kusikia vikifungwa. Lakini Novemba 2022 samaki wengi walikufa ndani ya vizimba upande wa Kisumu, watafiti wakasema hewa ilipungua majini. Wenye vizimba walilia hasara, na magazeti yaliandika hasara yao. Walinzi na walisha samaki hawakuandikwa.

La mwisho ni kuulizwa. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza mtu kutia mnyama au mmea katika ziwa au mto bila ruhusa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Katika kamati za ufuo wamo wenye mashua, mabaharia na wachuuzi. Mkata minofu hayumo, kuli wa bandari hayumo, mng'oa gugu hayumo. Nataka chama kiombe viti. Siku nyingine Mkubwa akija na samaki wake ndani ya ndoo, amkute mtu wetu mezani amwulize amemjaribu wapi, na akimaliza kula fulu atakula nini.

Nimekwisha kumpa Katibu hoja hii kwa maandishi, na ameahidi kuiweka katika shughuli za mkutano wa tawi ujao. Ndugu yangu aliyenikalisha nimemwomba aje akae karibu na mbele, kwa sababu safari hii ndiye nataka aanze kusema.

Wenu katika chama,

MKATA MINOFU,
Kisumu.